Mama Bunge na Wageni wa Masaki

Siku ya kwanza nilipoingia nyumbani kwa jirani yangu nilikwenda kupima madirisha, nikajikuta natembezwa. Nyumba ilikuwa haijapigwa plasta, sakafu zege tupu, waya za umeme zinaning'inia ukutani. Lakini yeye alinipokea barazani kama mtu aliyetoka nchi ya mbali. Akasimama mbele yangu, akanigeukia, akaanza kurudi kinyumenyume taratibu huku kiganja chake kikielekeza.

"Karibu. Hapa tulipo ni sebule. Upande wako wa kulia ni jiko, ambalo halijaisha kwa sababu fundi wake alipata msiba Tanga na bado tunamsubiri. Angalia hatua, tafadhali, kuna mfuko wa saruji."

Ule mfuko ulikuwa nyuma yake. Hakuutazama. Aliuzunguka kwa kisigino kama mtu anayezunguka meza ya nyumbani kwao gizani, akaendelea kunieleza habari ya chumba cha wageni.

Mimi ni fundi wa aluminiamu. Nimeingia nyumba nyingi za mtaa wetu wa Picha ya Ndege zikiwa bado matofali, na kawaida mwenye nyumba hunionyesha tundu la dirisha, akaenda pembeni kujibu simu. Huyu alinionyesha nyumba nzima. Nilipotoka nilikuwa nimesahau kupima dirisha la choo, ikabidi nirudi kesho yake.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kutembeza wageni katika jengo la Bunge kule Dodoma. Alipostaafu alikuja kujenga kwenye kiwanja alichokinunua zamani, wakati Picha ya Ndege bado ni mikorosho na vichaka. Mtaa ulimwita Mama Bunge kabla hata hajapaua. Jina lake halisi nililisikia mara moja tu, alipoitwa dirishani hospitali siku niliyompeleka kupima presha, na sitaliandika hapa. Kwao ni wapi sijui, sikuwahi kumuuliza. Mtaani kwetu wengi tumetoka pengine. Wazazi wangu mwenyewe walitoka Upareni. Hatuna desturi ya kuchimbana.

Alikuwa mrefu, mkavu kidogo, mwenye sauti ya chini ambayo kwa namna fulani ilifika mbali. Hakuwahi kuipandisha. Watoto wakipiga kelele barazani kwake, aliongea chini zaidi, na wao wakanyamaza ili wasikie anasema nini. Alivaa viatu visivyotoa mlio. Ukikaa kwake hukumsikia akija, ulimwona tu ameshafika na sinia la chai. Mke wangu alisema mama huyu anatembea kama anayeogopa kuamsha mtu.

Mikutano ya mtaa aliipenda mno, na mikutano ya mtaa ilimwogopa. Sisi tulizoea kusema wote kwa pamoja. Yeye alisimama, akangoja, akasema, "Mwenyekiti, naomba mwongozo wako." Mwenyekiti wetu, muuza mbao mwenye kifua kipana, mara ya kwanza alijibu, "Mwongozo wa kwenda wapi, mama?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Akaeleza kwamba mzee fulani ameomba kusema tangu mwanzo na hajapewa nafasi. Mzee akapewa nafasi. Kumbe ndiye pekee aliyejua bomba la maji linapita wapi. Tangu siku ile hata vijana wa bodaboda kijiweni walianza kusema, "Taarifa, mheshimiwa!" mmoja akimkatiza mwenzake.

Hadithi zake za Dodoma hazikuwa za wakubwa. Kama ulitaka kujua mheshimiwa gani alisema nini, hukuambulia kitu. Alisimulia wageni. Mabasi ya wanafunzi hakuyapenda sana, kwa sababu mwalimu huwa anamtazama mwongozaji na wanafunzi wanatazamana. Alipenda ziara za watu wachache walioomba wenyewe, siku ambazo hakuna kikao, ukumbi mtupu na viti vyote vimetazama mbele. Alisimulia maharusi waliokuja wakiwa bado na hina mikononi. Alisimulia fundi mstaafu aliyewahi kubandika vigae mle ndani wakati wa ujenzi, akaja na mkewe, na badala ya kutazama siwa, lile rungu la heshima la Bunge, na kiti cha Spika akawa anatafuta ukuta wake. Alipouona aliuwekea mkono, akamwambia mkewe, "Huu." Mkewe naye akaweka mkono. Jirani yangu alisimama pembeni akaacha kueleza chochote.

"Nilikuwa na maneno mengi ya pale," aliniambia. "Nikayameza. Kuna wakati kazi ya mwongozaji ni kunyamaza."

Ninaipenda hadithi hiyo, nadhani kwa sababu ya ufundi wangu. Nilimwomba anisimulie tena na tena.

Alikuwa na semi zake pia. Mtu akiuliza swali la kijinga alisema, "Huyo ana swali jingine, hilo ni la kubishia hodi." Mtu akiharakisha kazi alisema, "Jengo halina haraka, mwenye haraka ni wewe." Na kuna moja aliyokuwa akiisema nusu, kisha anaiacha: "Mgeni haoni kilichopo, anaona anachoonyeshwa." Niliidhani ni fahari ya kazi. Nilichelewa kujua ni kitu gani.

Mambo yake mengine hayakukaa pamoja. Mwanamke huyu mwenye adabu ya kupindukia hakuvumilia kushukuriwa. Ukimwambia asante kwa chai, sawa. Lakini ukimshukuru kwa jambo la maana alibadilika. Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa pili, jirani yangu ndiye aliyekaa naye hospitali siku nzima mimi nikiwa kazini Chalinze. Nilipokwenda kumshukuru, nikiwa nimevaa shati safi kabisa, alinikata: "Fundi, usinishukuru. Nenda kalale." Akafunga mlango. Wapo waliosema ana majivuno. Mimi nilibaki nimesimama na mfuko wangu wa machungwa.

Na suala la Masaki. Siyo Masaki ile ya Dar yenye majumba ya ghorofa na mabalozi, ni Masaki ya Kisarawe, ya mihogo na mikorosho na mkaa. Akina mama wa kule huja kuuza barabarani kwetu. Jirani yangu, ambaye kwa muuza nyanya angeweza kubishana hadi nyanya zikaanza kuiva, alikuwa akiuliza kwanza, "Mihogo ya wapi?" Akiambiwa Masaki, hasemi neno tena. Ananunua fungu alilopewa, kubwa au dogo, bovu au zima. Korosho za kule alinunua kuliko anavyoweza kula mtu mmoja, kisha akazigawa mtaa mzima. Yeye mwenyewe sikumwona hata siku moja akitia korosho mdomoni.

"Hazinipendi," alisema.

Kijijini Dutumi ndiko nilikoijua sababu. Nilikuwa na kazi ya kubadilisha madirisha ya shule ya msingi kule, na mwalimu mkuu aliposikia kwamba jirani yangu alifanya kazi Bungeni, akaomba nije naye azungumze na watoto wa darasa la saba. Alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Tukaenda na kirikuu yangu, kigari cha mizigo, vioo nyuma, yeye mbele amevaa gauni lake la kijivu.

Nilikuwa nafunga fremu dirishani, kwa hiyo nilimsikia yote. Alifanya vizuri mno. Aliligeuza darasa likawa ukumbi, dawati la mbele likawa kiti cha Spika, fimbo ya mwalimu ikawa siwa. Watoto wakaitikia ndiyo, wakaitikia siyo, ndege wakaruka kwenye paa. Mwishoni mwalimu akasema yeyote mwenye swali aulize. Msichana mmoja aliyekaa nyuma akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Wewe ulipokuwa kule, watu wa vijijini kama sisi walikuja?"

"Walikuja. Wengi."

"Walipokuja, walisikilizwa?"

Nilingoja jibu. Darasa zima likangoja. Nikachungulia dirishani nikamwona amesimama, kiganja chake bado kimeinuliwa kama kinaonyesha kitu, lakini macho yameangalia sakafu. Mwalimu akadhani hajasikia, akalirudia swali kwa sauti. Jirani yangu akasema, "Samahani," akatoka nje, akaenda kukaa ndani ya kirikuu.

Tulirudi hadi tukafika lami. Hapo akaanza kusema, bila mimi kumuuliza, huku akitazama mbele.

Ilikuwa wiki ya kamati. Ukumbi mkubwa mtupu, wabunge wako kwenye vyumba vyao vya mikutano. Wakaja wageni wachache kutoka Masaki ya Kisarawe, wameomba ziara yao wenyewe kwa utaratibu kamili. Wazee wa kiume wamevaa kanzu na makoti, akina mama wamevaa kanga za sare. Walisafiri kwa basi kutwa nzima. Aliyewaongoza aliitwa Mzee Kondo, na aliyesema zaidi alikuwa mama mmoja aitwaye Bi Chausiku. Getini waliacha simu zao na mfuko wa korosho waliouleta kama zawadi.

Zawadi hiyo ilikuwa ya mheshimiwa mmoja. Hakuwa mbunge wa jimbo lao, alitoka mbali kabisa. Aliwahi kufika kijijini kwao kumzika rafiki yake, na baada ya maziko wakamwonyesha boma la zahanati walilolijenga wenyewe kwa nguvu zao mpaka kwenye linta, juu ya madirisha. Akasimama mbele ya watu, akasema, "Bati za hapa niachieni mimi." Vigelegele vikapigwa. Akaondoka, na tangu hapo simu yake ikawa haipokelewi. Wakaona wamfuate anakofanyia kazi, wamkumbushe kwa adabu. Wakaomba ziara ya kuona Bunge, wakijua watamkuta humo.

"Bi Chausiku aliniambia yote tangu getini," jirani yangu alisema. "Mkwe wake alikuwa amejifungulia njiani, juu ya bodaboda, wakimkimbiza Kisarawe. Alinieleza hata rangi ya ile pikipiki. Kwa hiyo usifikiri sikujua, fundi. Nilijua."

Kabla hawajaanza kupanda, kijana wa yule mheshimiwa, msaidizi wake, amevaa suti, alimwita pembeni. Mama, akamwambia, hawa wazee ni wa mheshimiwa. Anatoka kamati sasa hivi, gari linamsubiri, ana safari. Wakimwona hapa chini hataondoka. Wazungushe kidogo huko juu.

"Alikutisha?"

"Hata kidogo. Aliomba tu, kwa tabasamu. Wala si ofisi yangu iliyoniagiza. Utaratibu ulikuwa niwapeleke mahali pa kusubiria, nimjulishe mheshimiwa kuwa ana wageni. Ni mimi. Nilizoea kuwafurahisha wenye suti, basi."

Akawapandisha kwenye jukwaa la wageni. Hapo, alisema, ndipo alipofanya ziara bora kuliko zote alizowahi kufanya. Aliwaambia habari ya siwa, na kwa nini paa la ukumbi limetengenezwa mfano wa nyumba ya msonge. Alijifanya Spika, akawauliza wanaoafiki waseme ndiyo. Mzee Kondo akasimama akaitikia, "Ndiyoo!" peke yake, na ule ukumbi mtupu ukamrudishia sauti yake. Bi Chausiku alicheka hadi akafuta machozi kwa kanga. Walipotaka kushuka, akakumbuka jambo jingine la kuwaonyesha. Na jingine.

"Nilikuwa nafurahi, fundi. Hiyo ndiyo siwezi kuisema mbele ya watoto. Niliwaona wanacheka nikasahau kwamba nawaibia. Nilikuwa nimenogewa."

Waliposhuka, gari lilikuwa halipo. Akawaambia, "Bahati mbaya, wazee wangu. Mheshimiwa ameshatoka." Mzee Kondo akamtazama, akasema, "Haina neno, mwanangu. Umetutembeza vizuri." Walipochukua simu zao getini, mzee akachukua na ule mfuko wa korosho, akampa jirani yangu. "Chukua weye," akamwambia. "Sisi hatuwezi kurudi nazo."

Nami nikafanya kosa la watu wema. Nikamwambia, "Mama, si kosa lako. Ulitumwa."

Aligeuka akanitazama. Sijawahi kumwona akikasirika vile. "Simamisha gari," akasema. Nikasimamisha. Akashuka, akatembea kando ya barabara, malori yakimpita, gauni lake la kijivu likipepea. Nilimfuata polepole na kirikuu hadi alipokubali kupanda tena. 

Baada ya hapo alipungua. Mikutano ya mtaa aliacha kuja. Nilimkuta mara kadhaa amekaa sebuleni, televisheni imewashwa, kipindi cha Bunge kinaendelea, lakini yeye amegeuzia kiti chake ukutani anakunja nguo. Nilijilaumu kwa kumpeleka Dutumi. Mke wangu alisema hapana, jipu lililokomaa hupasuka lenyewe.

Siku moja, asubuhi, nikiwa naosha kirikuu, alikuja. Hakunisalimia vizuri.

"Gari lako lina kazi leo?"

"Halina, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nipeleke Masaki."

Tulipita Kisarawe mjini, tukaendelea, kisha tukaiacha barabara kubwa na kuingia vumbi. Bodaboda wanaobeba magunia ya mkaa walitupita wakiyumba. Tulimuuliza mwenye duka, naye akatuelekeza kwa Bi Chausiku bila hata kufikiri: pita boma la zahanati, nyumba ya tatu, yenye mpapai.

Boma lilikuwepo. Aliniomba nisimame. Nikalitazama kwa jicho la fundi, sikuweza kulitazama kwa jingine: matofali ya juu yameliwa na mvua, linta imepasuka, nondo zimechomoza zenye kutu. Matundu ya madirisha yalikuwa makubwa na mazuri, yamepangwa na mtu aliyefikiria hewa ya wagonjwa. Ndani majani yamefika kiunoni. Jirani yangu aliingia chumba kimoja, akatoka, akaingia kingine. Hakunieleza chochote. Aliporudi garini viatu vyake vilikuwa vimejaa mbegu za majani, hakuzipangusa.

Bi Chausiku tulimkuta amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba yake, anamenya mihogo ya kukausha. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko nilivyomfikiria, na mzee sana. Alipomwona jirani yangu akishuka, kisu kikasimama hewani.

"Yule siye mwanangu wa Bungeni?"

"Ni mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba! Marahaba, mwanangu! Karibu, karibuni! Enyi, njooni mumwone mtu!"

Wakatoka majirani wawili watatu. Akawatambulisha huku amemshika jirani yangu mkono hamwachii: huyu ndiye aliyenitembeza Dodoma, huyu ndiye aliyenikalisha kule juu, ukaona nchi nzima imekaa chini yako. Akawaonyesha jinsi Kondo alivyoitikia ndiyo. Watu wakacheka, inaonekana hadithi hiyo waliijua kwa moyo. Jirani yangu alijaribu kusema mara ya kwanza, akakatizwa na maji ya kunywa. Akajaribu mara ya pili, akaletewa muhogo wa kuchemsha. Nilimwona jasho likimtoka juu ya mdomo.

Majirani walipoondoka kwenye shughuli zao, akauliza, "Mzee Kondo yuko wapi, nimsalimie?"

"Kondo tumemzika. Mwaka haujaisha."

"Innalillahi. Na yule mkwe wako? Aliyejifungulia njiani?"

Bi Chausiku akaokota muhogo mwingine. "Ile mara alipona. Mimba iliyofuata, hakupona. Njia ile ile. Mtoto ndiye ninaye miye, sasa hivi yuko shuleni."

Nilitamani kuondoka. Nilitazama mikono yangu. Jirani yangu alikaa chini, si kwenye kiti alichowekewa, akakaa mavumbini kando ya mkeka.

"Bibi," akasema, "siku ile mheshimiwa alikuwepo. Mliponikuta getini alikuwa bado yupo. Niliambiwa niwacheleweshe, nikawachelewesha. Kule juu kote, yale maneno yote, nilikuwa nawachelewesha ninyi ili yeye aondoke. Kwa makusudi."

Kisu kiliendelea. Ganda likashuka refu, likaanguka.

"Najua," Bi Chausiku akasema.

Jirani yangu akageuka kumtazama.

"Tulipokuwa tunapanda ngazi, Kondo alisimama. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Alichoka. Nilimngoja."

"Hakuchoka. Pana kioo kikubwa pale. Weye ulikuwa umetugeukia unaongea, hukuona nje. Kondo alimwona mtu wake anaingia garini na yule kijana amemshikia mlango. Akanifinya mkono. Akaninong'oneza, tunyamaze."

"Kwa nini, bibi? Mngepiga kelele. Mngeshuka!"

"Alisema huyu binti katumwa. Tukipiga kelele hapa, yule hafanywi kitu, atakayefukuzwa ni huyu. Mtoto wa watu. Tumalize kutembea." Akaweka muhogo kwenye beseni. "Basi tukamaliza kutembea. Ukasema tuitikie, tukaitikia."

Jirani yangu aliinamisha kichwa hadi paji la uso likagusa magoti. Mabega yalitikisika bila sauti. Bi Chausiku alimwacha alie. Hakumshika, hakumbembeleza. Alimenya muhogo mmoja, akamenya wa pili.

"Nisamehe, bibi."

"Nilikusamehe siku ile ile, kule kule juu. Ningekuwa sijakusamehe ningechekaje?" Kisha akasema jambo ambalo, nadhani, ndilo lililomuumiza jirani yangu kuliko yote. "Lakini nilibishana na Kondo. Yeye alisema utakuja. Kila msimu wa korosho anasema, yule binti atakuja. Miye nikasema haji, wale hawaji. Amekufa anasema utakuja."

Kuku akapita katikati yetu. Jirani yangu alijifuta uso kwa ncha ya mtandio wake. Alipoinua kichwa nilimwona amezeeka, na nikaona aibu kumtazama, nikasogea kuelekea kwenye gari. Ndipo nikamsikia Bi Chausiku akimuuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya chumvi:

"Yule bwana bado yumo?"

"Bado yumo, bibi. Alirudi tena."

"Na weye kule bado unajulikana?"

"Nimestaafu. Lakini utaratibu naujua."

"Vizuri. Maana tunataka kwenda tena. Vijana wa hapa wanakataa, wanasema tutazungushwa tu kama mara ile. Nikawaambia, hatukuwa na mtu. Sasa yupo." Alisogeza beseni pembeni, akamkabili. "Safari hii sitaki kuonyeshwa viti. Viti nimeviona. Nionyeshe mlango anaotokea."

 Jirani yangu akakunja gauni lake, akapiga magoti, akafuta mahali pamoja pa mchanga kwa kiganja, akaanza kuchora kwa kidole. Hapa geti. Hapa ukumbi. Hapa vyumba vya kamati, hapa magari. Alichora polepole, akiweka alama kwenye kila mlango.

"Hatokei mlango mmoja, bibi," akasema. "Ipo mitatu."

Bi Chausiku aligusa zile alama za milango, moja moja, kwa ncha ya kisu chake.

"Basi tutakwenda wengi," akasema.